Kiwanda Kimefungwa, Sumu Imebaki



Juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya sumu isiyo na harufu wala rangi ya kumwonya mama amwondoe mwanawe. Nayo ni madini ya risasi. Hatukusudii ile itokayo mtutu wa bunduki, ijapokuwa asili yao ni moja. Twakusudia risasi iliyomo ndani ya betri ya gari, ambayo betri ikichakaa hutolewa, ikayeyushwa na kuuzwa tena. Ikishamwagika juu ya ardhi haiozi, haiungui, wala mvua ya masika haiichukui ikaenda nayo. Hubaki pale pale kwenye udongo wa juu, mahali watoto wanapochezea.

Hatuna haja ya kusafiri kutafuta mfano. Kitongoji cha Owino Uhuru kiko bara ya Mombasa, pande za Mikindani, nacho kina wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 palijengwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ukuta wake ukipakana na nyumba za watu. Tanuri likawashwa, moshi ukawa unashuka juu ya mabati, na maji machafu ya kiwandani yakapita vichochoroni baina ya milango. Watu wakaanza kukohoa na kuwashwa macho. Wengine walifurahi kwa ajira, na haki yao, kwani mwenye njaa hachagui jiko. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini kwa miaka saba hiyo vumbi la risasi lilikuwa limekwisha kuingia mchangani, juu ya mapaa, ndani ya magodoro na ndani ya mifupa ya watu.

Aliyelifichua jambo hili alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Bi Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Tathmini ilipoonyesha kwamba mahali pale hapafai, akaondolewa kwenye shughuli hiyo. Haukupita muda mwanawe akaugua: homa isiyokoma, tumbo, kukosa usingizi. Akatibiwa maradhi haya na yale bila nafuu, mpaka pakatokea mtu wa kushauri apimwe risasi katika damu. Ikaonekana. Na mtoto yule alikuwa hajawahi kupelekwa kiwandani hata siku moja. Alikuwa akinyonya tu.

Tusimame hapo kidogo, maana ndipo penye mafunzo kwa kila nyumba. Risasi haiingii mwilini kwa njia moja. Huvutwa pamoja na moshi na vumbi, humezwa kwa maji na chakula, na hurudi nyumbani jioni juu ya nguo, nywele na viatu vya baba aliyeshinda akivunja betri. Mtoto humkimbilia, humkumbatia, kisha hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Ubongo wake ungali unajengwa, naye hutambaa, hulamba, na huokota kila kitu. Kwa hivyo katika nyumba moja, chakula kimoja na vumbi moja, baba atasema hana neno, naye mtoto wa miaka miwili anaharibika.

Kuharibika kwenyewe si kwa vishindo. Laiti ungekuwa upele au jipu, mama angeuona siku ya pili. Risasi kidogo kidogo hupunguza damu, huondoa hamu ya kula, hufunga choo, hufanya tumbo lisokote. Mtoto huchelewa kusema. Akiingia chuoni hashiki alifu kwa kijiti wenzake wakishikavyo, akili yake haitulii, hasira zake ziko karibu. Sisi tuliolelewa vyuoni twawajua watoto wa namna hiyo, walioitwa wazito na kuonjeshwa bakora. Si kila mtoto mzito ana sumu, la hasha. Ila twawaomba walimu wenzetu wa madrasa zilizo karibu na viwanda na mayadi ya vyuma chakavu wakumbuke kwamba yuko mtoto ambaye hahitaji bakora, ahitaji kupimwa damu.

Sumu ikizidi mno huja degedege. Na hapa pwani degedege lina maneno mengi. Wako wasemao ni ndege apitaye usiku, wako wasemao ni shetani, na mtoto hufukizwa, hufungwa hirizi, hucheleweshwa. Degedege lina sababu nyingi, na aghalabu huwa ni homa kali au malaria. Kwa vyovyote vile mahali pake ni hospitali. Lakini mtoto akipatwa na degedege bila homa, na nyumba yenu iko jirani na mahali pa betri au tanuri la vyuma, mwambieni daktari habari ya jirani huyo. Daktari hawezi kuota.

Twasema hivi kwa kuwa pana mji wa wavuvi huko Senegali, Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, mji wa bahari na misikiti kama yetu hii. Watu wa mtaa mmoja wa mji huo walikuwa wakivunja betri kuukuu kwa miaka. Bei ya risasi ilipopanda duniani, kina mama na watoto wakaingia kuchekecha mchanga wa pale ili kuokota chembe za risasi zilizobaki, wapate cha kununua mchele. Baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki kwa maradhi ya ubongo yaliyokwenda mbio. Wataalamu walipokuja wakawapima ndugu za marehemu na mama zao, watu 55, hapakuwa na hata mmoja aliyesalimika na sumu. Hao hawakuwa na kiwanda kikubwa, wala bomba la moshi, wala tajiri wa kumshtaki. Walikuwa na ungo na mchanga.

Kwetu, utafiti uliowapima watoto wadogo wa Owino Uhuru na wenzao wa mtaa wa Bangladesh, wa hapa hapa Mombasa, baada ya kiwanda kufungwa, ulikuta kwamba wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ni takriban mara mbili ya ule wa wenzao. Tanuri lilikwisha zimwa wakati huo. Huu ndio ushahidi wa tunayoyasema: kiwanda hufungwa kwa kufuli, udongo haufungiki.

Wala mfupa. Risasi ikiingia mwilini hujifanya kalsiamu, yaani ile chokaa ijengayo mifupa na meno. Mwili hudanganyika ukaiweka akiba mifupani, na huko hukaa miaka ishirini, thelathini. Mwanamke akishika mimba, kijusi hudai kalsiamu ya kujengea mifupa yake. Mama asipoipata ya kutosha katika chakula, mwili huvunja akiba, na risasi iliyohifadhiwa tangu alipokuwa msichana hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Binti aliyekulia karibu na tanuri, akaolewa Malindi au Lamu, anaweza kumrithisha mwanawe moshi wa mtaa alioukimbia. Risasi kadhalika huzidisha hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati wake, na kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo.

Kina mama wanaonyonyesha wasitishike wakawaachisha watoto ziwa. Maziwa ya mama yana faida ambayo kopo haliwezi kuileta, na kopo lenyewe hukorogwa kwa maji ya pale pale. Mama anyonyeshe, ila akiwa na shaka apimwe, na daktari ndiye atakayemwambia iwapo kiasi chake ni kikubwa mno.

Jambo la pili kwa wajawazito ni udongo. Tunajua, na tunaomba tusionekane tunaingilia yasiyotuhusu, kwamba wengi wana hamu ya udongo wakati wa mimba, na wako wanaoutafuna mchana kutwa. Udongo huo wa sokoni hauna cheti cha kutuambia ulichimbwa wapi. Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma katika damu, na damu iliyopungukiwa chuma hufyonza risasi kwa pupa zaidi. Basi anayetafuna udongo huku damu yake ni pungufu anajifungulia mlango mara mbili. Aende kliniki apewe vidonge vya kuongeza damu, navyo hutolewa kwa wajawazito, asivifiche chini ya mto.

Na tiba je? Iko dawa ya kuivuta risasi kutoka mwilini, nayo hutolewa hospitalini pale kiasi kinapokuwa kikubwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu kuwa ndiyo alama ya kuanza kutafuta chanzo cha sumu na kukiondoa, na mikrogramu 45 ndiyo alama ya kumpa mtoto dawa hiyo. Wala isifahamike kwamba chini ya 5 ni salama, kwani hakuna kiasi cha risasi kilichojulikana kuwa hakina madhara. Lakini kumpa mtoto dawa kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kukumba maji ndani ya ngalawa iliyotoboka. Kwanza huzibwa tundu.

Kwa wale ambao hawawezi kuhama leo wala kesho, na ndio walio wengi, pana mambo yaliyo ndani ya uwezo wa nyumba. Msifagie kukavu, mkalirusha vumbi likatua tena juu ya sinia. Dekini kwa kitambaa kibichi. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga kubwa, ila viatu vibaki nje, visiingizwe chini ya kitanda. Baba afanyaye kazi ya betri au ya chuma chakavu aoge na kubadilisha nguo kabla ya kubeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha zikatwe, kwani tunakula kwa mkono na vumbi la ukuchani ndilo tonge la kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati ya mtaa wenye tanuri yasinywewe wala kupikiwa. Na kuyachemsha hakusaidii kitu. Moto huua vijidudu, hauiui risasi. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu iliyobaki ndiyo huwa nzito zaidi.

Chakula nacho kina kazi yake. Dagaa wanaoliwa na mifupa, ufuta, maziwa, kunde, mbaazi, mchicha, na ndimu au chungwa pembeni: hivyo huupa mwili chuma na kalsiamu, ukakosa haja ya kumpokea mgeni mwenye joho la kuazima. Chai, ambayo hatuwezi kuiacha, isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Ingojeeni saa moja. Tunajua hilo ni gumu kuliko yote tuliyoandika.

Na mvuvi ayeyushaye risasi nyuma ya jiko ili atengeneze chubwi za nyavu, afanye kazi hiyo mbali na nyumba na mbali na watoto, na sufuria yake isirudi jikoni abadani, hata ikisuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'ara.

Tutoke nje ya njia kidogo kwa ajili ya wanja, kwa kuwa madini ni yale yale na mtoto ni yule yule. Wanja wa manga tunaouenzi asili yake ni jiwe lisagwalo. Jiwe lililosifiwa katika Sunna ni ithmid. Lakini mengi katika mauzo ya leo, yanayotiwa vichupa vizuri na kupewa jina hilo, yamepimwa katika nchi mbalimbali yakakutwa kuwa ni mawe ya risasi. Kumpaka mtoto mchanga machoni ilhali hatujui ndani ya kichupa mna nini, hilo halina sunna ndani yake. Mkono utafuta jicho, kisha utaingia mdomoni. Aupendaye wanja autafute uliothibitishwa kuwa hauna risasi, na watoto wachanga waachwe na macho yao.

Sasa tuseme neno juu ya kadari, maana tumelisikia mara nyingi katika matanga. Mtoto amefariki, majirani wamekaa mkekani, na mzee mmoja husema: imeandikwa. Naam, imeandikwa, na hatuna shaka nayo. Lakini Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham akafikiwa na habari za tauni, aligeuza msafara, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kwenda kwenye kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Subira ni kwa msiba uliokwisha kutokea. Tanuri ambalo lingali linawaka si mahali pa subira. Mafakihi wa zamani walijaza kurasa kwa masuala ya moshi wa tanuri na hamamu, uvundo wa kazi ya ngozi na mtikiso wa vinu, wakiulizana ni lini jirani ana haki ya kuyasimamisha. Hawakumwambia jirani afunge dirisha.

Watu wa Owino Uhuru hawakufunga dirisha. Waliandamana, mwaka 2012 Bi Omido na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa, na baadaye wakaachiliwa na mahakama. Mwaka 2016 wakaingia mahakamani wenyewe, dhidi ya wenye kiwanda na dhidi ya taasisi za serikali zilizopaswa kukizuia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri lilipowashwa alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho. Hukumu hiyo ni tunu kwa nchi nzima, nasi twawapa mkono wa pongezi. Lakini hakuna kadhi wala jaji awezaye kuitoa risasi katika mfupa wa kijana huyo.

Ndiyo maana wakati wa kusema ni kabla ya tanuri kuwashwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yuko mtu aliyekwisha kudhurika. Kwa maneno mengine, sheria haikudai tulete jeneza kwanza. Likitoka tangazo la kiwanda kutaka kibali mtaani, na likaitwa baraza la kuuliza maoni, wanaohudhuria huwa ni wanaume wachache wanaotarajia vibarua. Kina mama hawaendi, au wanakaa nyuma kimya. Tunawaombeni mwende, mkae mbele, na muulize maswali matatu: mtayeyusha nini, maji yenu machafu yatapita wapi, na nani atapima damu ya watoto kila mwaka na majibu yake yabandikwe wapi.

Limebaki suala la viwanja. Tunaletewa maswali na vijana wanaooa, wanaotafuta mahali pa kujenga, nao hufurahia kiwanja kilicho rahisi kuliko vya jirani. Waulizeni wazee wa mtaa, si dalali, palikuwa na nini hapo miaka kumi, ishirini iliyopita. Ikiwa palikuwa yadi ya betri, tanuri, jaa la taka za kiwanda au ghala la dawa za mashamba, msijenge kabla udongo haujapimwa na maabara. Mchanga wa hapo usichukuliwe kujazia msingi kwingine wala kupandia mboga. Na muuzaji anayeijua aibu ya ardhi yake akaificha, hukumu yake katika fiqhi ni ile ya muuzaji wa mnyama mgonjwa: mnunuzi ana hiari ya kuirudisha na kudai pesa zake.